Maji yamebadilika rangi: kutafuta chanzo kwenye pwani ya Tanga

Kila mwaka masika yakielekea ukingoni napigiwa simu ya namna moja: "Katibu, njoo uone, maji yamegeuka kijani." Nikifika ufukweni nakuta mshtakiwa ameshapatikana. Ni kiwanda, au ni hoteli, au ni wakulima wa juu, au ni meli iliyotia nanga juzi. Kuna siku mshtakiwa huwa ndiye kweli. Siku nyingi siye, na wakati tunagombana naye chanzo chenyewe kinaendelea kutiririka polepole nyuma ya nyumba zetu.

Nalima mwani, na ni katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi na ufukwe, kijijini kwetu, kusini mwa mji wa Tanga. Naandika kwa mkulima mwenzangu wa mwani, mvuvi wa ngalawa, mama anayeokota chaza, na yeyote anayeona maji yakibadilika asijue aanzie wapi. Rangi peke yake haitakupa jibu. Uliza maji yalibadilika lini, yalianzia wapi, na siku hiyo yalikuwa bamvua (yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Ukiwa na majibu ya hayo matatu kwenye daftari, nusu ya kazi umeimaliza.

Kinachotokea majini

Bahari yetu ya nje ya mwamba ni maskini wa rutuba, na ndiyo maana ni ya buluu vile. Ndani yake mna vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwa mwanga wa jua na rutuba kidogo iliyopo. Mwanga na joto havikosekani Tanga. Kinachovizuia visijae ni njaa, hasa njaa ya naitrojeni na fosforasi. Mwaka 1934 Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba vijimea vya baharini hutumia virutubisho hivi kwa uwiano unaokaribia kuwa mmoja popote duniani, na hesabu inayotumika leo ni chembe 16 za naitrojeni kwa kila chembe 1 ya fosforasi. Kwa hiyo baharini mara nyingi naitrojeni ndiyo kufuli, na anayeileta ndiye anayefungua mlango.

Sasa chukua mfuko wa urea wa kilo 50. Urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwa hiyo mfukoni mna kilo 23. Kwa hesabu ya Redfield, naitrojeni hiyo ikifika yote baharini inatosha kujenga vijimea vyenye zaidi ya kilo 100 za kaboni. Na mbolea haitoki dukani tu. Mwili wa mtu mzima mmoja hutoa takriban gramu 10 za naitrojeni kwa siku, nyingi ikiwa kwenye mkojo. Hesabu watu wa mtaa wako, kisha jiulize vyoo vyao vinaishia wapi.

Anza na chupa na sahani

Kabla ya kuita mtu, teka maji kwenye chupa safi ya plastiki inayoonyesha ndani, funga, iweke kivulini hadi kesho. Kama asubuhi kuna tabaka la udongo chini na maji ya juu ni meupe, lile lilikuwa tope la mto. Kama maji yamebaki na rangi ya chai ya rangi bila kitu kuelea wala kuzama, hayo yametoka kwenye mikoko. Ni rangi ya majani na magome, haina ubaya. Kama ukijani umebaki majini, au umepanda juu ukafanya utando, hapo una vijimea.

Jaribio la pili linataka sahani nyeupe, jiwe la kuizamisha na kamba yenye fundo kila nusu mita. Nenda na mtumbwi adhuhuri, upande wa kivuli cha chombo, izamishe polepole na uhesabu fundo ambalo sahani inapotelea. Padri Angelo Secchi wa Italia alipima bahari hivyo hivyo mwaka 1865, na wanasayansi bado wanatumia njia hiyo. Namba moja haina maana. Pima mahali palepale kila baada ya wiki mbili, na sahani iliyokuwa ikipotea fundo la nane ikianza kupotea la tatu, umeona badiliko kabla halijafika puani kwa mtu.

Dalili: ukijani mzito unaoanzia mlango wa mto

Ghuba ya Tanga inapokea mto Zigi na mto Mkulumuzi. Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki, upande wa Amani, unapita bwawa la Mabayani ambalo maji yake tunakunywa mjini, ndipo unaingia baharini. Kila kinachooshwa shambani huko juu kinapita njia hiyo.

Watu wengi hapa hukosea siku. Mvua kubwa ikinyesha, siku za kwanza maji ya ghuba huwa ya kahawia, na hakuna kinachoota kwa sababu mwanga haupenyi tope. Tope likishatua, mwanga unarudi na rutuba bado iko. Hapo ndipo ukijani hufumka, siku kadhaa hadi wiki mbili baada ya mvua, jua likiwa kali na watu wameshaisahau mvua yenyewe. Kwa hiyo ukiona ukijani leo, usitafute kilichomwagwa jana. Rudi nyuma kwenye daftari uitafute mvua.

Kama ukijani unafuata mvua na ni mzito zaidi mlangoni mwa mto kuliko mjini, chanzo kiko juu: mbolea iliyowekwa siku mbili kabla ya mvua, mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto, zizi la ng'ombe linalosafishwa mtoni. Tanga ni mkoa wa mkonge, kwa hiyo uliza pia kama kuna korona, yaani mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, inayofanya kazi juu ya mto. Katika jani la mkonge, singa, yaani nyuzi zake, ni asilimia 4 hivi tu. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji na makapi, na makapi hayo yakiachwa mtoni huoza, yakala hewa ya majini hata kabla ya kufika baharini. Makapi hayohayo yakiingizwa kwenye mtambo hutoa gesi ya kupikia na kuzalisha umeme. Hilo limeshafanyika Hale, mkoani kwetu.

Tiba ya chanzo hiki haiko ufukweni. Iko kwenye kugawa mbolea mara mbili badala ya kuimwaga yote siku moja, kulima kwa kukingama na mteremko, na kuacha ukanda wa miti na majani kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari ziachwe bila shughuli zinazoweza kuharibu. Nawaomba viongozi wa vijiji vya bonde la Zigi waitumie namba hiyo. Mita 60 zinapimika kwa kamba, na kamba haina upendeleo.

Dalili: ukijani wa kiangazi, bila mvua

Huu unanitia hofu zaidi. Mvua hakuna, mto umepungua, na bado maji ya kando ni ya kijani, au mawe yote yamevaa majani laini ya kijani kibichi, membamba kama mfuko wa nailoni. Majani hayo ni mwani wa jamii ya Ulva. Mmoja mmoja si tatizo, samaki wanaula. Ukitanda mawe mita kwa mita na kurudi kila mara unapouondoa, kuna kitu kinaulisha kila siku, na kitu hicho kwa kawaida ni sisi wenyewe.

Mji wetu na vijiji vingi vya pwani vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huo una matundu kama sifongo. Choo cha shimo kilichochimbwa ndani yake hakijai haraka, na wengi tunalihesabu hilo kuwa bahati. Hakijai kwa sababu majimaji yanapita chini ya mwamba hadi ufukweni. Bamvua likipwa, tembea kando ya maji ukitafuta vijito vidogo vinavyochuruzika kutoka kwenye mwamba au mchanga. Yaguse: maji ya chini ya ardhi mara nyingi ni ya baridi kuliko ya bahari. Ukikuta Ulva umekaa kama mkeka hasa pale yanapotokea, na juu yake kuna nyumba, umepata njia.

Nilifanya matembezi hayo na akina mama wa kikundi chetu. Tulikuwa tumeshaandaa barua ya kuishtaki nyumba moja ya wageni. Kijito kikubwa kuliko vyote tulikikuta chini ya vyoo vya soko letu wenyewe. Barua ile hatukuipeleka. Tulichanga fedha, likajengwa karo lenye kuta na sakafu ya zege, linalonyonywa na gari la maji taka. Mawe yalichukua zaidi ya mwaka kuanza kuonekana tena.

Katika matembezi hayohayo angalia pia bomba la maji taka linalofika baharini, mifereji ya maji ya kufulia, na mabwawa ya kufugia samaki aina ya mwatiko yanayotoa maji baada ya kuvuna. Bwawa lililolishwa kupita kiasi ni choo kingine. Maji yake yatolewe polepole yapite kwenye mikoko, ambayo hutumia sehemu ya rutuba hiyo. Anayekata mikoko ili apate bwawa ameondoa chujio na kuweka uchafu mahali pake.

Majani ya Ulva yaliyosukumwa ufukweni zoa kabla hayajaoza, maana yakioza rutuba yote inarudi majini. Yakisuuzwa kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kuchanganywa na majani makavu hufanya mboji nzuri. Yaliyotoka karibu na maji taka usiyapeleke kwenye bustani ya mboga.

Dalili: michirizi ya kahawia inayoelea kama unga wa mbao

Wakati wa kaskazi, siku za shwari na joto, wavuvi hukuta nje michirizi mirefu ya rangi ya majani makavu au kutu, kana kwamba fundi seremala amemwaga takataka zake baharini. Ikisukumwa ufukweni hugeuka kijani, waridi au nyeupe, na hunuka vibaya. Hapo watu husema meli imemwaga mafuta. Chota kwenye kiganja: mafuta huteleza na kung'aa rangi rangi, hii ni vipande vidogo kama nyuzi zilizofungwa pamoja.

Ni Trichodesmium, kijimea kinachoweza kuchukua naitrojeni kutoka hewani. Hakihitaji choo cha mtu wala urea ya mkulima ili kipate naitrojeni. Kilikuwepo kabla ya miji yetu, na inadhaniwa ndicho kilichoipa Bahari ya Shamu jina lake la wekundu katika lugha nyingine. Usimshtaki mtu kwa ajili yake. Usiogelee katikati yake kwa sababu huweza kuwasha ngozi, na kama una samaki ndani ya wando (uzio wa kunasia samaki) au mabwawa yanayovuta maji ya bahari, subiri ipite.

Dalili: mwani umepauka, unakatika

Wakulima wenzangu, hapa nisikilizeni vizuri. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, kikaja bara, na tangu hapo kila mwani ukifa tunasema "bahari imechafuka". Kupauka kuna sababu zaidi ya moja, na nyingine zinapingana kabisa.

Ukiona ncha na matawi yamekuwa meupe kama mfupa, laini, yanakatika ukiyagusa, huo ni ugonjwa wa kupauka. Mwani ukiteswa, bakteria hupata nafasi ya kuingia. Wa kwanza kuutesa ni joto: maji yakifika nyuzi 33 hadi 35 unaumia. Chumvi ikishuka chini ya 20 kwa 1,000, wakati bahari ya kawaida ni 35 hivi, unaumia pia, ndiyo maana masika huua mashamba yaliyo karibu na mto. Na kumbuka kwamba kwetu bamvua hupwa kuanzia saa nne asubuhi hivi, kwa hiyo maji ya kina kifupi hukutana na jua la mchana. Mwani uliokufa siku tatu baada ya bamvua la Februari umechemshwa. Hapo choo cha jirani hakihusiki.

Ukiona mwani wote, siyo ncha tu, umekuwa wa manjano hafifu lakini bado mgumu, huenda una njaa. Maji yametulia mno, rutuba haipiti. Hapa ni kinyume kabisa cha uchafuzi, na dawa yake ni kuhamishia kamba mahali penye mkondo.

Na ukiona mwani una rangi yake lakini umevaa manyoya, madoadoa kama vipele au utando, hapo ndipo rutuba iliyozidi huingia kwenye orodha ya washukiwa. Manyoya hayo ni mwani mwingine unaoota juu ya mwani wako, unaunyima mwanga na kufungua vidonda vya bakteria. Rutuba nyingi, joto na maji yasiyotembea huulisha huo mdogo upesi kuliko wako mkubwa.

Mwani mnene, ule wa aina ya cottonii, huumia mapema kuliko mwembamba, yaani spinosum, katika hali zote hizi, na wengi wetu tumeuacha kwa sababu hiyo ingawa bei yake ni bora. Wenzetu wa Mlingotini, Bagamoyo, wamejaribu kamba zinazoelea kwenye kina kirefu, ambako joto halipandi sana. Kama huna boya wala chombo, tikisa kamba kila unapoingia shambani, ondoa shina lililopauka ukalitupe nchi kavu, na usichukue mbegu kwenye kamba yenye manyoya hata ukipewa bure. Ukiona kupauka kumeanza na mwani una siku 35, vuna. Kungoja siku 45 kutakupa kamba tupu.

Dalili: nywele nyeusi na ngozi inayowaka

Kuna uzi mwembamba, mweusi au wa kahawia iliyokoza, unaojisokota kwenye mwani na majani ya bahari kama nywele zilizolowa. Jamii yake inaitwa Lyngbya. Aina zake nyingine zina sumu inayounguza: miwasho saa chache baada ya kutoka majini, kisha wekundu na malengelenge, hasa nguo ilipobana. Akina mama wanaolima mwani wameteseka na hili kwa miaka, wakiambiwa ni mzio au ni uchafu wa mwili. Si kweli, na inaniuma kwamba tuliamini.

Vaa suruali ndefu na soksi au viatu vya majini. Ukitoka, vua nguo zote na ujimwagie maji baridi mengi papo hapo, kabla ya kwenda nyumbani. Usisugue macho. Malengelenge yakitokea nenda zahanati ueleze kwamba ulikuwa majini penye uzi huo. Lyngbya hupenda maji ya joto, yaliyotulia, yenye fosforasi, kwa hiyo ikirudi mahali pamoja kila mwaka, rudi kwenye matembezi ya kutafuta vijito.

Dalili: samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Vijimea hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku kama sisi. Vikizidi, usiku huimaliza. Vikifa, bakteria wanaoviozesha humaliza iliyobaki. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hawawezi kuishi. Saa mbaya ni kabla ya jua kuchomoza, na siku mbaya ni za maji mafu, maana kwetu maji mafu hupwa karibu saa kumi alfajiri na mkondo hauna nguvu ya kuleta maji mapya. Kaa na samaki wa chini ndio hukimbilia juu kwanza. Ukisikia harufu ya mayai viza, tope la chini limeshaanza kutoa gesi.

Lakini samaki waliokufa Tanga wana sababu nyingine tunazozijua sana. Mpasue mmoja. Kibofu cha hewa kimepasuka, damu imevia kwenye uti wa mgongo, pengine uti wenyewe umevunjika: hiyo ni baruti. Waliokufa wako kwenye vidimbwi vya mwamba tu, maji yamepwa, na nje hakuna hata mmoja: shuku utupa, sumu ya mmea ya kuulia samaki. Hawana jeraha, wametapakaa eneo pana, maji yalikuwa ya kijani jana na leo yana rangi ya kahawia: hapo fikiria kukosa hewa. Kutofautisha haya kuna uzito, kwa sababu baruti na utupa ni kesi ya polisi leo hii, na kukosa hewa ni kazi ya miezi.

Bahari ikimetameta usiku unapopiga kasia ni vijimea vingine vinavyotoa mwanga vikiguswa. Hutokea hata kwenye maji safi. Andika tarehe, basi.

Kuhusu kula

Maji yakigeuka kijani, kahawia au mekundu kwa vijimea, usiokote chaza, kombe wala kome hapo. Viumbe hawa huchuja maji na kukusanya kilichomo. Baadhi ya vijimea vina sumu ambayo haifi kwa kuchemsha, haionekani, haina ladha. Mtu akihisi ganzi midomoni na vidoleni baada ya kula, akaanza kulegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na mabaki ya chakula yabebwe, maana sumu hiyo huzuia kupumua. Samaki waliokutwa wamekufa wasiuzwe wala wasikaangwe, hata wakionekana wabichi.

Kuchukua sampuli

Ukitaka mtaalamu akusaidie, mpe kitu cha kuchunguza. Teka chupa mbili za nusu lita pale rangi ilipokoza, kina cha kiwiko, bila kuchota utando wa juu peke yake. Moja itiwe matone ya aiodini ya Lugol hadi maji yawe na rangi ya chai hafifu. Hiyo hutunza vijimea visioze. Nyingine ibaki kama ilivyo, kwenye boksi la barafu, na ifike maabara ndani ya siku moja. Teka jozi ya pili mahali ambapo maji ni ya kawaida, ili pawe na cha kulinganisha. Kwenye kila chupa andika kwa kalamu isiyofutika tarehe, saa, mahali, bamvua au maji mafu, upepo, na siku ya mvua ya mwisho. Kisha mpigie afisa uvuvi wa wilaya kabla hujapanda gari, ili ofisi ya TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) au Taasisi ya Sayansi za Bahari ijue sampuli iko njiani. Sampuli ya asubuhi ikifika jioni bila barafu, kilichokuwa hai kimeshaanza kuoza na vipimo vya rutuba havitaaminika tena.